Shajara ya kuhama: Mwanza hadi Hoima

Juni 2025, wiki ya kwanza

Mkataba mpya umesainiwa. Mwaka mzima uliopita mke wangu alikuwa mtunza ghala kwa mkandarasi mmoja wa bomba la mafuta upande wa Uganda, wiki nne kambini na wiki mbili nyumbani Mwanza. Watoto walishazoea kumhesabu mama yao kwenye kalenda ya ukutani. Sasa wamempandisha cheo na kumhamishia ofisi ya Hoima mjini, kazi ya mchana. Jioni ataanza kurudi nyumbani kama watu wengine. Swali ni nyumbani wapi.

Mwenye kazi ni yeye, hivyo mradi wa kuhama nimekabidhiwa mimi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari ya serikali, na nimeuandikia azimio la kazi kama ninavyoandika la muhula. Yasiyobadilika ni haya. Mkubwa yuko Darasa la Saba na mtihani wake ni wiki ya pili ya Septemba. Kabla ya hapo hatoki Mwanza. Binti yuko Darasa la Tatu. Muhula wa tatu Uganda huanza katikati ya Septemba, na kwa bahati hizo tarehe mbili zinakaribiana. Mkataba wa mama ni wa miaka miwili.

Huo muda wa mkataba nauandika kwa wino mwekundu. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani pale Tanga, na kilomita 296 tu ziko Uganda. Mafuta ya kwanza yanalengwa 2026. Ujenzi ukikamilika, ghala la ujenzi halina cha kutunza. Kwa hiyo hatuchagui mahali pa kuzeekea. Tunachagua mahali pa kuishi miaka miwili, na baada ya hapo tutajua.

Yaliyo mezani: Kampala, ambako karibu kila mfanyakazi mwenzake ameweka familia. Hoima penyewe. Masaka, pendekezo la mama mkwe, kwa sababu kutoka Masaka hadi mpaka wa Mutukula ni kilomita tisini hivi na yeye ni mtu wa Missenyi, upande wetu wa mpaka huo. Na kubaki Mwanza, ambalo kila mtu ananiambia kwa sauti ya chini kana kwamba ni dawa ya siri.

Juni, katikati

Karatasi. Nitapita haraka kwa sababu hazina utamu.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vipo. Pasipoti za kielektroniki, shilingi 150,000 za Tanzania kila mtu, maombi yamewasilishwa. Chanjo ya homa ya manjano tumeshachoma wote. Atakayefuata njia hii aiweke mbele kabisa, maana cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, si siku hiyo hiyo. Uzuri wake ni kwamba tangu 2016 cheti kimoja kinatosha maisha yote. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali.

Barua yangu ya kuomba likizo bila malipo imepita kwa mkuu wa shule, iko njiani kwenda kwa mkurugenzi. Mkuu alinitazama juu ya miwani akaniuliza, "Mwalimu, unamfuata mama?" Nikamjibu ndiyo. Akasaini.

Jambo moja limehitaji kusomwa kwa utulivu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na Mtanzania haombi viza ya Uganda. Anagongewa muhuri mpakani anapita. Watu wengi huishia hapo. Muhuri ni ruhusa ya kukaa kwa muda, haukupi kazi wala shule. Mke wangu ana kibali cha kazi kupitia mwajiri. Sisi watatu tutaombewa hati za wategemezi, na watoto watahitaji pasi za wanafunzi. Mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa mpaka apate kibali chake mwenyewe. Yaani kuanzia Septemba mimi ni baba wa nyumbani kisheria kabisa, na nimeanza kuzoea sauti ya maneno hayo.

Juni, wiki ya mwisho: Kampala

Shule zimefungwa, mkubwa yuko kambi ya kujisomea na wenzake wa Darasa la Saba, binti yuko kwa shangazi yake. Nimekwenda kukagua.

Safari yenyewe imebadilika. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 19, na kilomita tatu za maji ambazo zamani ulizingojea kwenye foleni ya kivuko sasa unazipita kabla hujamaliza kumenya chungwa. Basi zima lilinyamaza tulipokuwa juu ya daraja, kisha abiria mmoja wa nyuma akauliza wauza samaki wa kivukoni watakwenda wapi. Hakuna aliyemjibu.

Nilishuka Kyaka kumsalimu baba mkwe. Mzee ananikumbusha kila mara kwamba daraja la pale lililipuliwa na majeshi ya Amin mwaka 1978, na yeye alikuwa kijana aliyekimbia na godoro. "Sasa nyinyi mnahamia huko na magodoro," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Mutukula ni kituo cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili jengo moja. Wenye pasipoti tulimaliza mapema, tukamsubiri dereva.

Kampala tulikutana na mke wangu, tukafikia kwa rafiki yake Ntinda. Dalali, ambaye pale wanamwita bulooka, alitutembeza Naalya, Kyaliwajjala na Kira. Unalipa hela ya kuoneshwa nyumba hata kama nyumba yenyewe ukiitazama tu getini unajua siyo. Ukikubaliana na mwenye nyumba, dalali anataka chake kingine.

Nyumba ya Kyaliwajjala ilikuwa nzuri, sitakataa. Vyumba vitatu, vigae vinavyong'aa, ukuta na geti, sehemu ya kuegesha gari ambalo hatuna. Nilifungua bomba la jikoni. Likapiga mluzi. La bafuni, mluzi. Askari wa getini akasema maji huja usiku, mnakinga. Nikamwuliza usiku saa ngapi. Akatafakari kwa uaminifu kabisa, akasema, "Inategemea na usiku." Bei ilitajwa kwa dola. Sheria ya Uganda ya wapangaji na wenye nyumba ya mwaka 2022 inasema kodi ni kwa shilingi isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo, nami nikasema sikubaliani vinginevyo. Dalali akanitazama kama mtu aliyeleta kamusi kwenye harusi.

Kilichoniamulia si bomba, maana tenki linanunuliwa. Kila aliyetushauri Kampala alitupa habari za Jumapili: maduka makubwa, kanisa lenye kwaya, ufukwe wa Ggaba, barabara ya kulipia ya Entebbe kwa shilingi 5,000 unateleza mpaka uwanja wa ndege. Yote kweli. Mimi nilitaka habari za Jumatano. Basi Jumatano hiyo nikaamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nikasimama kando ya barabara ya Naalya na kikombe cha chai cha kuazima. Gari za shule zilikuwa zimeshaanza kupita gizani. Moja ikasimama mbele yangu, kondakta mama akashuka kumpokea mtoto wa umri wa binti yangu, sweta juu ya sare, amelala begani kwa dada wa kazi. Akahamishwa kutoka bega hadi kiti bila kufumbua macho. Ndani walikuwepo wengine sita au saba, vichwa vimeegemea vioo. Nilimwuliza dada yule shule iko mbali? Si mbali, alisema, ila gari hili huzunguka kuwachukua wengine.

Na mama wa hao watoto wangu angekuwa Hoima, kilomita mia mbili. Wenzake huondoka Kampala Jumatatu saa kumi usiku ili wawahi kazini, hurudi Ijumaa usiku au Jumamosi. Tukajaribu kuigeuza hesabu: tukipanga Nansana au Wakiso, ambazo ziko kwenye barabara hiyo hiyo ya Hoima, tunaokoa foleni ya mjini. Kweli, na kodi ni nafuu. Lakini unaokoa foleni tu. Kiboga bado iko palepale na mama bado analala Hoima.

Siku zilizofuata: Hoima

Basi la Hoima hutoka Kampala kupitia Nansana, Kakiri, Busunju, Kiboga. Barabara ni ya lami, milima midogo, migomba kwanza halafu majani ya malisho. Hoima ilitangazwa jiji mwaka 2020, na bado inazoea jina hilo. Ina kitovu cha mitaa michache ambapo kila kitu kiko, kisha vilima: Duhaga wenye kanisa kuu la Kianglikana, Bujumbura wenye la Kikatoliki, na kasri la Omukama, mfalme wa Bunyoro. Uwanja wa mpira wa kombe la Afrika la 2027 unajengwa, na bodaboda yoyote atakupeleka kuutazama bila wewe kuomba.

Mafuta yameacha alama kwenye nyumba. Ziko zilizojengwa kwa kumsubiri Mzungu wa kampuni: baa ndogo sebuleni, vyoo vinne, jenereta. Tulioneshwa moja kama hiyo Kijungu. Mwenye nyumba alitaja bei, mke wangu akamwambia kwa upole kwamba yeye ni mtunza ghala. Ya pili, Kiryatete, ilikuwa na bei njema na alama ya maji ukutani iliyofika usawa wa goti langu, imepakwa rangi juu yake. Rangi ilikuwa mbichi.

Ya tatu iko upande wa Bujumbura. Ua mmoja, nyumba mbili. Mwenye nyumba, mama mjane mstaafu wa uuguzi, anaishi hiyo nyingine. Vyumba vitatu, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, jiko la nje la kuni na la ndani la gesi, tenki la lita elfu tano, migomba nyuma, mparachichi mmoja mkubwa. Shule ya msingi ya binafsi iko mwendo wa dakika kumi na kitu kwa miguu, bila kuvuka barabara kuu. Nilifungua mabomba yote. Nilipanda juu ya kiti nikatazama dari kila chumba. Nilimwuliza fundi viatu wa kona umeme ulikatika lini mara ya mwisho, maana fundi viatu hana sababu ya kunidanganya, akasema jana, ila ulirudi jioni.

Mke wangu ni Mhaya, na Kihaya na Kinyoro ni ndugu wa karibu. Alianza kumsalimu mama wa watu kwa Kihaya, yule akaitika kwa Kinyoro, wakaingia kwenye mvua, migomba na bei ya senene, na mimi Msukuma nikabaki nimeshika kofia kama mgeni wa wote wawili. Waliporudi duniani kodi ilikuwa imetoka shilingi laki tisa za Uganda hadi laki nane kwa mwezi, na miezi sita ya kulipa mbele imekuwa mitatu. (Shilingi yetu moja ni karibu moja na nusu ya kwao, kwa wanaopiga hesabu kichwani.) Nimejifunza mengi chuoni kuhusu majadiliano, hili halikufundishwa.

Julai, wiki ya pili: uamuzi

Kikao kilifanyika kwa simu: mimi na watoto sebuleni Mwanza, mama yao Hoima, mama mkwe kwenye simu ya tatu Kyaka, hakualikwa.

Masaka iliondoka mapema. Kutoka kwa bibi ni karibu, kutoka kazini ni mbali kuliko hata Kampala. Mama mkwe alisema tumfikirie. Tulimfikiria.

Kubaki Mwanza kulijadiliwa kwa haki. Mimi nabaki na mshahara, mkubwa anaingia kidato cha kwanza bila kubadili mtaala, na hakuna anayehangaika. Hoja ya kukataa aliitoa binti, ingawa hakujua ni hoja. Aliuliza mama akihamia ofisi, zile wiki mbili za kurudi zitakuwepo? Hazitakuwepo. Zamu ya kambini ilikuwa inatupa wiki mbili kamili. Kazi ya ofisini inatupa likizo ya mwaka tu. Cheo kipya, tukibaki, kinatupunguzia mama.

Kwa hiyo Kampala au Hoima. Posho ya nyumba ni ile ile popote tutakapopanga, basi fedha haikuamua, ingawa tofauti ya kodi Hoima inabaki mfukoni. Kampala ina shule nyingi za kuchagua, hospitali kubwa, ubalozi wetu, Watanzania wenzetu, na uwezekano mkubwa zaidi wa mimi kupata kibarua cha halali. Hoima ina hospitali ya rufaa ya mkoa, lakini mtu akiugua kitu kizito utajikuta kwenye barabara ya Kiboga saa nne nzima. Hili halina dawa, tumeliandika kama lilivyo. Dhidi ya yote hayo kuna jambo moja: tukipanga Kampala, usiku nne au tano kati ya saba mama hayupo, na tutakuwa tumevuka mpaka kuja kuishi maisha yale yale ya kambi, tena kwa kodi kubwa zaidi.

Hoima. Mkubwa hakufurahi, alishaambiwa Kampala kuna uwanja wa mpira wa Namboole. Nikamwambia na Hoima wanajenga. Akauliza Yanga wataenda kucheza huko? Nimekataa kutoa ahadi.

Agosti

Mkataba wa nyumba umeandikwa, ukurasa mmoja na nusu. Sheria ya 2022 inataka upangaji wa kuanzia shilingi laki tano za Uganda uwe wa maandishi, na kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mama mwenye nyumba alikuwa hajaisoma, akaniomba nimnakilie kifungu, akakibandika ndani ya mlango wa kabati lake. Mpangaji wake aliyepita alikuwa wa mafuta pia, aliondoka bila kuaga. Ndiyo maana alitaka miezi sita.

Barua ya likizo bila malipo imejibiwa: nimekubaliwa.

Pasipoti zimetoka. Picha ya binti ana macho ya mtu aliyeambiwa asicheke.

Septemba, wiki ya kwanza

Tumeuza friji, kabati, makochi, jiko la umeme. Hatubebi fenicha. Tunabeba magodoro mawili (baba mkwe atafurahi), sufuria, vyandarua, cherehani, vitabu vyangu na baiskeli ya mkubwa, ambayo iliwekwa kwenye orodha kwa kura ya watatu dhidi ya mmoja. Pikipiki nimemwachia mdogo wangu. Chombo chenye namba za Tanzania huingia Uganda kwa kibali cha muda na bima ya kadi ya njano, ile ya magari yanayovuka mipaka, na mimi sitaki kitu kingine chenye tarehe ya kuisha.

Septemba, baada ya mtihani

Mkubwa amemaliza Darasa la Saba. Aliulizwa mtihani ulikuwaje, akasema "kawaida". Siku iliyofuata tukapakia.

Safari haikuwa na kisa. Orodha ya vyombo niliyoichapa, kila kitu na hali yake, ofisa wa forodha Mutukula aliisoma mpaka mwisho, akaomba kuiona cherehani, akauliza ni ya biashara? Nikamwambia ni ya kushona vifungo. Akaniambia mke wake ana ya aina hiyo hiyo na inakata uzi. Nikamweleza panapofungwa skrubu ya mvutano. Tukapita. Kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe watoto walipigwa picha, mguu mmoja kaskazini mmoja kusini, kama ilivyo wajibu wa kila anayepita.

Septemba, wiki ya tatu: shule

Hili ndilo lililonikosesha usingizi kuliko nyumba, basi litachukua nafasi.

Binti amesoma Darasa la Tatu kwa Kiswahili. Uganda, shule nyingi za serikali za vijijini hufundisha P1 hadi P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu, kwa lugha ya eneo, hapa Kinyoro na Kitooro, kisha P4 ndiyo ya kuvukia kwenye Kiingereza. Za binafsi za mjini huanza na Kiingereza moja kwa moja. Kinyoro angekiokota uani, lakini kusoma na kuandika kwacho hapana. Tukabaki na ile ya binafsi ya karibu.

Wanafanya intavyuu. Niliruhusiwa kukaa nyuma. Mwalimu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliandika ubaoni hesabu ya kugawanya, 84 kwa 6. Binti akaifanya bila kunyanyua kichwa. Kisha akapewa hesabu ya maneno kwa Kiingereza: mkulima ana mayai kadhaa, anayapanga kwenye trei. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, vizuri tu, kisha akanyamaza. Mwalimu akasubiri. Binti akanigeukia, nami nikatazama viatu vyangu maana niliambiwa nisisaidie. Mwalimu akainama akamwambia kwa Kiswahili cha polepole, "Kuku zake zimetaga. Wewe panga." Binti akapanga. Jibu sahihi, na njia yake imeandikwa.

Nilimwuliza baadaye Kiswahili amekitoa wapi. Baba yake alikuwa polisi, wamekulia kwenye kota. Hapa Uganda Kiswahili mara nyingi kimepita mlango huo, wa polisi na jeshi, na ndiyo maana wako wanaokielewa vizuri na bado hawataki kukijibu. Yeye alijibu.

Shule ilitaka kumrudisha P2. Nikaomba P3 kwa muhula huu wa mwisho, na Desemba tuamue kwa alama zake kama anapanda P4 au anarudia. Wamekubali. Orodha ya vifaa ina daftari, karatasi za kuchapia rimu moja, karatasi za chooni, na fagio mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Mkubwa ameuliza kama na yeye sekondari atapeleka fagio. Nimemwambia ajiandae kisaikolojia.

Septemba, mwisho

Mambo madogo, kwa atakayekuja.

Tulikwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa LC1, ambaye ni kama mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa. Alitugongea muhuri barua ya utambulisho, na barua hiyo imeulizwa kila mahali tangu hapo, hata tulipotaka kujiandikisha zahanati. Laini ya simu mgeni husajili kwa pasipoti. Ukitoa fedha kwenye simu kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kampuni, basi lipa moja kwa moja kwa simu inapowezekana. Umeme ni wa kulipia kabla, Yaka, ndugu yake LUKU; tangu Aprili 2025 usambazaji umerudi kwenye kampuni ya serikali, UEDCL. Takisi ni daladala. Ukitaka teksi sema "special hire", la sivyo utapandishwa na watu kumi na wanne.

Samaki. Mtu wa Mwanza hali ugenini bila kukagua hili. Sokoni Hoima wanatoka Ziwa Albert: sangara wapo, sato wapo, na badala ya dagaa wetu kuna muziri, wadogo zaidi na wenye mafuta. Niliwakaanga kwa nyanya na pilipili, mama mwenye nyumba akaja na sahani. Muuzaji wangu ni Mkongomani aliyekuja kupitia kambi ya wakimbizi ya Kyangwali. Tunaongea Kiswahili, cha kwake na cha kwangu, na tunaelewana kwa asilimia themanini, ambayo kwa bei ya samaki inatosha.

Mama mwenye nyumba amempa binti empaako. Wanyoro wana majina haya ya heshima na upendo, machache tu, kila mtu ana lake, na salamu haikamiliki bila kuulizana. Binti ni Abwooli. Mke wangu alipewa Akiiki tangu alipoanza kazi, hakutuambia. Mkubwa amesema atafikiria. Mimi nimeambiwa nisubiri, bado wananitazama.

Oktoba, katikati

Hali ya mradi.

Mama hufika nyumbani kabla ya saa moja jioni siku nyingi. Jumatano iliyopita alifika saa tatu kwa sababu lori la mabomba lilichelewa kupokelewa. Alikuta chakula kwenye hotpoti na binti anamsubiri amsomee hadithi ya sungura kwa Kiingereza. Binti alisoma yote, na alipokwama hakuvuka hadi Kiswahili, alirudia sentensi.

Mkubwa yuko nyumbani, anangoja matokeo ya NECTA mapema Novemba. Yakitoka, yatapelekwa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yalinganishwe na ya huku ili aombe S1, kidato cha kwanza cha huku, ya Februari. Nimeshaulizia sekondari mbili. Kwa sasa anajifunza Kiingereza asubuhi kwangu na Kinyoro mchana uwanjani, na cha mchana kinakwenda haraka zaidi.

Mimi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umeweka Kiswahili kuwa somo la lazima S1 na S2, na walimu wake ni wachache. Mkuu wa shule moja aliposikia ninachofundisha alifunga mlango wa ofisi ili mwenzake wa jirani asisikie. Anataka nianze kesho. Nimemwambia sianzi mpaka kibali kitoke na vyeti vyangu vitambuliwe na wizara. Ameahidi shule itaniombea. Wiki hii nimempelekea nakala zilizothibitishwa. Anayenijua ananiambia nifundishe tu kimyakimya wakati nikisubiri. Mke wangu yupo hapa kwa kibali halali na watoto wamo kwenye jina lake. Sitauchezea mkataba wake kwa vipindi viwili vya ngeli.

Yaliyobaki kabla ya Desemba: matokeo ya mkubwa, alama za binti, pasi ya mwanafunzi ya pili, kibali changu, na mfereji wa maji ya mvua nyuma ya jiko, ambao nimekubaliana na mama mwenye nyumba kwamba saruji ni yake na kazi ni yangu. Saruji imeshaletwa.